Zamu ya Gwakisa Mwambene

Mlango namba 214 ulipangwa kufunguka Ijumaa saa nne asubuhi, na mimi simpeleki mtu kwenye chumba ambacho hakijatandikwa mkeka. Mkeka ni neno langu mwenyewe, msilitafute kwenye kanuni za Kitengo cha Milango. Chumba kitupu ni kuta nne tu. Mtu aliyelala nje miaka minne ukimtupa humo peke yake, mwezi haupiti utamkuta kesharudi nje, maana nje kuna watu. Mkeka ni nesi anayejua atakuja siku gani. Ni jiko la mtaa lililoambiwa kwamba huyu hali maharage. Ni jirani aliyekubali kugonga hodi kila asubuhi hata kama jana yake wamenuniana. Kuyafunga hayo yote pamoja ndiyo kazi yangu, na kabla yake nilipanga zamu za manesi miaka kumi na tisa, kwa hiyo kugombana na watu kwa simu nimekusomea.

Jumanne ile skrini ilinipa jina: Gwakisa Mwambene, mwanamume, miaka sabini na mmoja, magoti mabovu, hulala ghala la zamani la reli, moto wa tatu. Foleni ilikuwa imemchagua.

Hapa Ilindi hakuna mtu anayechagua. Miaka ya joto ilipoanza, watu wa mabondeni na wa pwani walipanda huku milimani kwa maelfu, na vyumba vya kwanza tuligawa kwa mikono yetu. Miezi kumi na mmoja baadaye, nusu ya vyumba vilikuwa na wapwa wa wakubwa, na vikongwe walikuwa bado barazani kwa watu. Nilisimama kwenye ukumbi wa mji nikapiga kelele hadi sauti ikakauka, na kanuni ikapita: mkono wa mtu usiiguse Foleni. Kila anayelala nje akafungwa bangili inayosikiliza moyo wake, joto la mwili wake, hata kikohozi chake. Foleni hukusanya hayo yote, hupima nani ataumia zaidi akiachwa nje, hujumlisha na siku alizosubiri, kisha hutaja jina. Haijawahi kuwa na mpwa, na hilo lilinitosha.

Fundi Sekela ndiye aliyenitoa ofisini siku hiyo. "Dada Atuganile, siwezi kupigilia ubao wa kushikilia bila kipimo cha kiwiko cha huyo mzee. Mara ile ulinipa kipimo cha kukisia, bibi wa watu akawa anaudandia ubao kama anaanua nguo."

Nikachukua futi yake, nikaenda ghalani.

*

Juni ya Ilindi haina mzaha. Ukungu hushuka mchana kweupe na watu hutembea wameinamisha vichwa kama wanaotafuta sindano. Ndani ya ghala kulikuwa na mioto sita, na kila moto una watu wake na mkubwa wake. Moto wa tatu mkubwa wake alikuwa Mama Tusekile, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye vitenge viwili mabegani na ulimi ambao makarani wetu waliuogopa.

"Ugonile, mama," nikamwamkia.

"Ndaga. Umekuja kutuhesabu tena? Tumebaki walewale."

"Hesabu imekwisha. Namtafuta Mzee Gwakisa. Zamu yake imefika. Chumba, Ijumaa."

Mama Tusekile alisimama akapiga kigelegele, kikaishia kwenye kikohozi. Alikohoa mpaka akashika nguzo. Alipopata pumzi aligeukia nyuma ya ghala: "Gwakisa! We Gwakisa! Tua maji uje, mlango umefika!"

Akaja mwanamume ambaye hata miaka thelathini na mitano hakuwa nayo, ndoo kila mkono, magoti yamenyooka. Alivaa koti la kizee lililomwishia juu ya viwiko. Mkono wa kushoto ulikuwa na kovu la moto, jipya, la waridi, tangu kifundo hadi kiwiko. Mkono wa kulia ulikuwa na bangili, na kwenye bangili jina lilisomeka vizuri kabisa.

"Mzee Gwakisa yuko wapi?" nikauliza.

"Ndiye mie," akasema, bila kunitazama usoni.

Nilimpima kiwiko. Mpaka leo sijui kwa nini; nadhani mikono ikitahayari hufanya ilichotumwa. Sentimita mia moja na kumi na moja kutoka sakafuni. Mzee wetu wa magoti mabovu alikuwa amerefuka kwa shubiri nzima.

"Mama Tusekile, huyu si Gwakisa."

"Ni yeye. Nimemvika mwenyewe, mbele za watu."

Tuliketi. Aliyeanza kueleza ni yule kijana. Jina alilozaliwa nalo ni Shaweji Likunda, na kwao ni Kilwa. Alipanda Ilindi mwaka juzi, wiki mbili baada ya ofisi yetu kulifunga daftari la wageni, kwa hiyo hakupata namba wala bangili. Moto wa tatu ulimpokea kwa sababu alikuwa na nguvu za kubeba maji, na za kumbeba Mzee Gwakisa.

"Miezi saba nilimbeba mgongoni kwenda haja," alisema. "Mwezi wa nane mwaka jana akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kisha cha majimaji. Tukaibonyeza bangili yake tukaita msaada."

"Ikajibu nini?"

Mama Tusekile ndiye aliyejibu, kwa sauti tambarare ya mashine: "Endelea kupumzika. Hali yako inatarajiwa kupata nafuu."

Siku ya nne alfajiri mzee akafa, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Shaweji. Mama Tusekile aliivua bangili kwa kupaka parachichi kwenye mkono wa marehemu. Gari la mji lilikuja kuchukua mwili. Kwa kuwa haukuwa na bangili, waliandika: mtu asiyefahamika. Watu wa moto wa tatu wakaketi matanga siku tatu, na siku ya kuanua, kama ilivyofanywa vijijini kwao tangu enzi, wakatafuta mrithi wa kusimamisha jina. Akavikwa koti la marehemu. Akavikwa na bangili yake.

"Hatukuiba," Mama Tusekile alisema. "Wanawe walikwisha mbele yake. Jina lilikuwa limesubiri miaka mitatu. Ulitaka tulitupe na mwili?"

"Kwetu mtu hurithi shamba, mama. Jina huenda na mwenyewe," Shaweji alisema. "Lakini mie hapa sikuwa na shamba wala namba. Wakanipa walichonacho. Ningekataa vipi?"

"Na huo mkono?"

"Ana kifafa," alisema Mama Tusekile. "Mara mbili ameangukia moto. Bila moto tunaganda, na moto ndio unaomla. Mimi usingizi wangu nimeuacha, kazi yangu kumchunga." Kisha akaniuliza, na nilisikia jinsi alivyokuwa ameliweka swali hilo muda mrefu: "Hivyo vyumba vyenu, ni kweli havina moto wa wazi?"

"Havina. Mvuke wa chini ya mlima unapita ndani ya ukuta. Ukuta wenyewe ndio unaotoa joto."

"Basi Mungu mkubwa," akasema, akakohoa tena.

*

Mkasi wa kukatia bangili hukaa mkobani mwangu. Kanuni iko wazi: bangili ikikutwa kwa asiye mwenyewe, ikatwe hapo hapo, jina lifutwe, mlango uende kwa anayefuata. Sikuutoa. Nilirudi ofisini na sentimita zangu mia moja na kumi na moja, nikafunga mlango, nikaiuliza Foleni swali ambalo hakuna aliyewahi kuiuliza. Nilitaka kuona bangili zote ambazo moyo wa mvaaji umepungua umri ndani ya wiki moja.

Ilileta thelathini na saba.

Sote tulijua bangili ikikaa siku nne bila mkono, Foleni hupiga kengele. Siku nne zilichaguliwa na mafundi kwa sababu vibarua wa mashambani huzivua wakati wa mavuno. Matanga ni siku tatu. Hakuna aliyepanga hivyo. Ni siku moja tu ya tofauti, na ndani ya siku hiyo moja wafu wetu wote walikuwa wamepita kimyakimya. Foleni ilikuwa inasikia kifua cha mzee kikikoroma, kisha kimya cha siku tatu, kisha moyo wenye nguvu unapiga kama ngoma. Ikaandika kile ambacho mtu yeyote angeandika kama hajawahi kuhudhuria msiba: amepata nafuu.

Na Foleni hujifunza. Ndiyo sifa tuliyoinunulia. Mara thelathini na saba ilikuwa imeona kwamba mtu mzima akikohoa nje kwenye baridi, baada ya siku chache hupona kabisa, tena huwa na afya kuliko kwanza. Kwa hiyo kila kikohozi kipya ilikishusha chini. Mzee Gwakisa alipoibonyeza bangili yake, ilimjibu kwa uzoefu wa wale waliokufa kabla yake. Shaweji aliyepokea jina lake alipanda mpaka namba moja kwa sababu ya kifafa, maana kifafa kilikuwa hakijawahi kuidanganya.

Nikaandika jina la Tusekile. Namba mia tatu na arobaini. Kikohozi, wiki tatu. Hali inatarajiwa kupata nafuu. Chini yake walikuwapo wengine kumi na saba wa namna hiyo, wote watu wazima, wote wakikohoa, wote wameambiwa wapumzike.

Nililia. Sioni haya kulisema. Kisha nikanawa uso nikaenda kwa Bwana Kyando, mkuu wa Kitengo, ambaye ukutani kwake kulikuwa na bango: Siku mia saba bila kifo kwenye Foleni.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya njugu, na njugu zenyewe hakuzila.

"Mama Atu," akasema, "huyo kijana ana shida au hana?"

"Anayo. Ataungua siku moja na hatutawahi kumzima."

"Basi mlango unamwendea mwenye shida. Tatizo liko wapi?"

"Liko kwa wanaokohoa."

"Ukiripoti kifo hicho, itabidi uripoti vyote. Vifo thelathini na saba, warithi thelathini na saba wanafutwa siku moja. Watu na shida zao, wanatolewa kwenye foleni katikati ya baridi, na daftari limefungwa, hawana pa kuandikwa. Wafu hawahitaji vyumba, mama. Waache walio hai waingie."

Ninyi mnaosoma msimhukumu haraka. Bango alilipenda, ndiyo, lakini alichosema kilikuwa kweli, na ndicho kilichonikera. Nikinyamaza, Shaweji anaingia ndani Ijumaa na kumi na nane wanaendelea kukohoa mpaka warithiwe. Nikisema, kumi na nane wanapanda na Shaweji anarudi motoni. Nilitafuta njia ya tatu kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba aliokwisha kuupekua. Haikuwapo.

"Nitasema," nikamwambia.

"Utakuwa umeigusa Foleni kwa mkono wako."

"Foleni imeguswa siku nyingi, Bwana Kyando. Imeguswa na wafu, na sisi tukaweka bango."

*

Kifo huingia kwenye Foleni kwa njia mbili tu. Ama mratibu aikate bangili, ama shahidi aishike na kukitamka. Ningeweza kuikata Jumatano asubuhi nikamaliza. Lakini kukata kungekuwa kumzika mzee wa watu mara ya pili bila kuwaita wafiwa. Niliamua nitakwenda kuwaambia usoni, na sitakwenda mikono mitupu.

Jumatano nzima nilikuwa kwenye simu. Mkono wangu umekatazwa kugusa Foleni, haujakatazwa kugusa simu. Nesi wa zahanati ya mtaa alisema hawezi kupeleka vidonge vya kifafa ghalani kila Jumatatu. Nikamkumbusha ni nani aliyempangia likizo ya uzazi mwaka ambao wenzake wote walinyimwa, akaweza. Daktari wa kifua alisema hadi mwezi ujao. Nikamwambia nitakaa barazani kwake na kikapu changu cha kufuma. Fundi Sekela hakubishana. Alikwenda na wenzake wawili wakaujengea moto wa tatu ukuta wa udongo wa kufika kiunoni, kuuzunguka, na mwanya mdogo wa kuingizia kuni.

Alhamisi mchana nikaketi nao pembeni ya ukuta huo mbichi. Namba za Foleni ni siri, nilizitaja. Niliwaambia yote, kuanzia siku tatu na siku nne mpaka mia tatu na arobaini.

Shaweji alikuwa wa kwanza kuelewa, na wa kwanza kukasirika. "Kwa hivyo mie nipishe, ili wao wapande?"

"Ndiyo."

"Na mie niende wapi?"

"Chumba sina. Nikikwambia ninacho nitakuwa nakudanganya. Nina vidonge, vitaanza Jumatatu. Nina huu ukuta. Zaidi ya hapo sina."

"Mama, mie nililibeba jina hilo likiwa hai na likiwa limekufa!" Alisimama karibu mno na ule mwanya wa kuni, nikaogopa kifafa kisije. "Mlinifungia daftari. Watu hawa wakanipa mlango wao mdogo. Nao unataka kuufunga!"

Daftari lilifungwa na ofisi yangu, na barua ya kulifunga niliigonga muhuri mwenyewe. Nilimwambia hivyo hivyo.

Mama Tusekile aliuchokoa moto kwa kijiti kupitia ule mwanya, taratibu, kisha akauliza: "Ile sauti iliyomwambia Gwakisa apumzike. Nani aliifundisha?"

"Bangili zilizorithiwa kabla yake."

"Za moto wa kwanza. Na za kule sokoni."

"Na nyingine."

"Yaani sisi."

"Hamkujua, mama."

"Kutojua kwetu hakukumsaidia." Alikohoa, akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge, akaitazama ncha hiyo na kuikunja. "Na hii nilimvika mimi. Kwa mikono hii. Kumbe nilikuwa najishusha mwenyewe."

Nilimwomba awe shahidi, aishike bangili atamke. Alitikisa kichwa.

"Mimi sitamvua. Niliyemvika mbele za watu siwezi kumvua. Atavua mwenyewe, au asivue."

"Basi sikilizeni na la kwangu," nikasema. "Mkasi ninao mkobani na leo sitautoa. Kesho saa nne nitakuwa pale mlangoni. Akiingia kwa jina la marehemu, nitasema mbele ya wote kwamba marehemu amekufa, na bangili nitaikata. Sitaki mseme nilikuja kwa nyuma."

Shaweji alichukua ndoo zake akaondoka. Hakuniaga, na ningekuwa yeye nisingeniaga.

*

Ijumaa ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba safu ya milango ilionekana mpaka wa 209 tu. Bwana Kyando alikuja na wageni wawili wa halmashauri, wamevaa skafu nzuri. Nilisimama pembeni, mkoba begani.

Saa nne kasorobo walitokea kwenye ukungu. Nilitegemea wawili watatu. Walikuwa zaidi ya ishirini. Mbele Shaweji na koti lake fupi, Mama Tusekile ameshika mkono wake, na nyuma yao watu nisiowajua, wa moto wa kwanza, wa sokoni, wa chini ya daraja. Habari za ghala hazihitaji bangili. Niliwatazama mikono. Kila mmoja wao alikuwa na bangili.

Shaweji alipanda ngazi mbili za mlango 214 akaiweka bangili kwenye kitasa. Mlango ukafunguka wenyewe, polepole, na joto likatoka nje mpaka likatufikia sisi tuliosimama chini. Niliona watu wakisogea mbele kidogo, bila kukusudia.

"Karibu, Gwakisa Mwambene," mlango ukasema. "Umesubiri siku elfu moja mia nne na arobaini. Ingia."

Hakuingia. Alisimama pale kizingitini, uso ndani, mgongo kwetu, kwa muda ambao mgeni mmoja wa halmashauri aliweza kukohoa na kutazama saa. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mkasi. Namwomba Mungu anisamehe, nilitamani aingie. Nilitamani aingie, aufunge mlango, na mimi nipoteze sauti.

Ndipo akaishika ile bangili kwa mkono wenye kovu.

"Gwakisa Mwambene amefariki," alisema. "Mwezi wa nane, mwaka jana, alfajiri. Kifua. Nilikuwa nimemshika kichwa."

Mlango ukasema: "Taarifa imepokelewa. Taja jina la shahidi."

"Shaweji Likunda."

"Jina hilo halimo."

Bangili ikafunguka yenyewe ikadondoka ngazini. Mlango ukajifunga. Joto lililokuwa limetufikia likaisha pale pale.

Bwana Kyando alinisogelea sikioni. "Umeridhika?"

"Hapana," nikamwambia, na ilikuwa kweli.

Wageni walianza kuuliza, Kyando akaanza kuwaambia watu watawanyike, shughuli imeahirishwa. Hakuna aliyetawanyika. Mwanamke mmoja wa sokoni, mnene, mwenye mtoto mgongoni, alipanda zile ngazi mbili akaishika bangili yake mbele ya mlango uliofungwa.

"Andika na wa kwangu," alisema. "Obadia Sanga. Alikuwa akiuza vitunguu. Alikohoa siku tisa."

Baada yake akaja mwingine, na mwingine. Wengine walitaja jina tu. Mmoja alitaka kueleza marehemu alivyokuwa anapenda mpira, na hakuna aliyemharakisha. Bangili zilidondoka ngazini moja moja, na Mama Tusekile alikuwa anaziokota na kuzifuta kwa kitenge chake. Wengine waliletwa na habari mchana. Hadi saa kumi jioni walikuwa wamefika thelathini na mmoja. Sita hawakuja. Kanuni ilinitaka niwafuate na mkasi. Sikuwafuata.

*

Foleni ilijifunza upya ndani ya usiku mmoja, na Jumamosi yale maneno ya kutarajia nafuu hayakuwapo tena kwa mtu yeyote anayekohoa. Mlango 214 ulikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa akilala chini ya daraja, ambaye hakuna kati yetu aliyemjua. Nilimtandikia mkeka wake kama ninavyomtandikia yeyote. Mama Tusekile alipanda kutoka mia tatu na arobaini mpaka namba tisa. Daktari alikwishamsikiliza kifua na kumpa dawa, akasema akipata chumba kabla ya Agosti atapona. Milango tisa kabla ya Agosti inawezekana. Nimeapa itawezekana, hata kama nitaibeba zege mwenyewe.

Bango limebanduliwa. Jumatatu Bwana Kyando alinipa barua ya kunitaka nijieleze. Niliikunja nikaitia mkobani, nikatoa kabatini daftari la wageni lililofungwa mwaka juzi, nikalifungua. Kulifunga kulikuwa agizo la ofisi. Kanuni yenyewe inasema mratibu ataandika kila anayelala nje. Miaka miwili nilikuwa nimelitii agizo na kuiacha kanuni. Nikaenda nalo ghalani.

Shaweji alikuwa ameketi kwenye ukuta wa udongo, amekwishameza kidonge chake cha kwanza. Aliponiona hakusimama, lakini alinipisha mahali pa kukaa. Nikamwandika wa kwanza. Jina, umri, kwao, kifafa, kovu. Nikamfunga bangili mpya, nayo ikampa namba: mia sita ishirini na mbili.

"Ni muda gani huo?" akauliza.

"Kwa kifafa chako utapanda. Ukibahatika, mwaka na nusu. Usipobahatika, mitatu."

Aliizungusha bangili mkononi. Nyuma yangu wale thelathini walikuwa wamekwishajipanga, wanapulizia viganja.

"Mama Atuganile. Nikifa kabla ya hapo, utaandika?"

"Nitaandika."

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo."

"Haya," akasema, akanipisha nimwandike anayefuata.